Shada Nililotumwa Kulipeleka

Tumaini alipoingia kuniambia mama yake amefariki, sikuinuka. Nilikuwa nimekaa barazani nyuma ya nyumba yangu, hapa Moshono, nimezungukwa na mafungu ya rozmari na mchaichai, nasuka mashada ya hoteli moja ya mjini inayotaka kila mlango wa mgeni uwe na kitu kinachonukia. Nilimwambia pole, kwa sababu pole ni haki ya kila mfiwa, na mkono wangu ukaendelea kuzungusha kamba. Tumaini si mgeni kwangu. Tulilala kitanda kimoja mwaka mzima tukiwa wasichana. Alivuta kiti cha plastiki, akafuta macho, akasema mazishi ni Jumamosi kule kwao juu ya Tengeru, na kwamba yeye na ndugu zake wamekubaliana shada la familia nilisuke mimi, kwa majani ya bustani ya mama yao, si maua ya plastiki. Nikasema sawa, kazi ni kazi. Ndipo alipofungua mkoba akatoa jani la isale lililofungwa fundo, bado bichi, akalishika kwa mikono miwili na kuninyooshea. Alisema mama yake alimwagiza anipe, siku moja kabla hajakata kauli.

Kwa asiyetoka kwetu, isale ni mmea wa majani marefu membamba unaopandwa mipakani mwa mashamba. Kwa Wachaga na Wameru, ukimkosea mtu unampelekea jani lake limefungwa fundo, na huhitaji maneno mengi. Anayeletewa hakatai. Watu wamesamehewa hata damu kwa sababu jani hilo liliingia nyumbani kwa mfiwa. Wenzangu wakiwasimulia wageni habari hii huisimulia kwa fahari, kwamba tazameni sisi tulivyo watu wa amani, na wageni hutikisa vichwa kwa kupendezwa. Mimi nikiisikia damu hunichemka. Ninajua jani hilo linavyoweza kutumika likiwa mikononi mwa mtu mwenye shida na mwoga. Nilimwambia Tumaini alirudishe mkobani. Akaniangalia kama nimemtemea mate.

"Aika," alisema, "huyu ni marehemu."

"Alikuwa hai miaka yote hii thelathini na kitu," nikamjibu. "Alinivunjia jina mbele za watu. Asije kuliunga nyuma ya nyumba."

Aliondoka bila kunywa chai. Nikajaribu kurudi kwenye kazi yangu nikashindwa, maana mwaka ule ulikuwa umeshaingia na kuketi pale alipokuwa ameketi yeye.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na nimefaulu vizuri, tena sana. Nilitaka uuguzi. Sikuutaka kwa sababu nilikosa kingine cha kutaka. Niliutaka tangu nikiwa mdogo, nikifunga vitambaa miguu ya kuku. Chuo nilichokilenga kilikuwa cha kanisa, na ili uingie ilibidi baraza la wazee wa usharika likusemee kwamba wewe ni mtu mwadilifu. Nafasi za mwaka ule zilikuwa hazijafunguliwa. Kwa hiyo nikatoka kwetu Sokon One, pale mjini, nikapanda kwenda kukaa kwa Mama Tumaini nimsaidie kazi ya mashada, na usharika wake ukawa usharika wangu. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili uisikie. Ujanani aliwahi kufanya kazi kwa sista mmoja Mjerumani aliyemfundisha kusuka shada la Majilio, ule mviringo wa majani unaobeba mishumaa minne, mmoja unawashwa kila Jumapili hadi Krismasi ifike. Sista alitumia matawi ya misonobari. Mama Tumaini aliona misonobari inapukutika na kuchafua kitambaa cha madhabahu, akaanza kutumia rozmari iliyokuwa imeota nyuma ya choo cha sista. Sista alipoondoka, Mama Tumaini alibaki na machipukizi, na kutoka hapo akapata bustani. Nilipofika mimi, makanisa, maduka na nyumba za wenye nazo huko mjini zilikuwa zikiagiza mashada kwake, ya milangoni, ya mezani na ya harusi.

Kazi ilifanyika stoo, chumba cha mbao kilichoegeshwa jikoni, chenye dirisha moja linalofunikwa gunia ili jua lisinyonye rangi ya majani. Juu, kwenye fito, vilining'inia vichane vya lavenda, rozmari na kivumbasi, vichwa chini, na ukiingia asubuhi harufu ilikushika kooni kabla hujafika kwenye kigoda. Hapo nilijifunza kila ninachokijua. Rozmari hukatwa umande ukishakauka, wala si kabla, la sivyo inaoza ndani ya shada. Lavenda hukatwa maua yakiwa bado yamefumba. Fito za mfurusadi hulowekwa, zikakunjwa kuwa duara, zikafungwa kwa kamba za mgomba, halafu unaanza kupanga vichane, kila kichane kikificha mashina ya kilichotangulia, hadi ukutane na mwanzo wako, na pale panapoungana unapafunika kwa msuko wa mchaichai. Ukikosea, Mama Tumaini hakusema neno. Alilichukua shada lako, akalifumua lote, akakurudishia fito tupu. Nilimpenda kwa hilo. Nasema wazi, nilimpenda, na hasira yangu ingekuwa ndogo kama nisingempenda. Jioni tulikula loshoro kwenye bakuli za bati, mahindi yamepondwa na maziwa ya mgando, na yeye alikuwa akinisukumia mgando wa juu ule mzito akisema muuguzi lazima awe na mifupa.

Bustani ile yote iliishi kwa mfereji. Maji yalitoka juu mlimani, yakapita shamba hadi shamba kwenye mtaro uliochimbwa na mababu, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Zamu yetu ilikuwa Jumapili asubuhi. Mama Tumaini alifungua kilango chetu, maji yakaanza kuingia bustanini, kisha tukavaa, tukaenda ibadani tukiyaacha yajiendee yenyewe. Msimamizi wa mfereji alikuwa Mzee Anaeli, ambaye pia alikuwa mzee wa kanisa, tena yule ambaye wenzake wote walisubiri aseme kwanza. Shamba lake lilikuwa juu ya letu. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, migomba, kahawa, na sauti nzuri ya kuombea. Kiangazi cha mwaka ule kiliposhika, tukawa tukirudi kutoka ibadani tunakuta udongo umelowa pembeni tu, kati mkavu. Mama Tumaini alisema mlima umekauka. Nikaamini, kwa sababu mlima ulikuwa mbali na sikuwa na namna ya kuuliza.

Jumapili moja nilishikwa na malaria nikabaki. Nilikuwa nimelala nasikia maji yakitiririka nyuma ya ukuta, halafu nikasikia yamenyamaza. Nikajifunga kanga, nikapanda taratibu kando ya mfereji nikijishikilia kwenye migomba. Pale juu nikamkuta mtoto wa kwanza wa Mzee Anaeli, mtu mzima mwenye mke, ameziba kilango chetu kwa gogo la mgomba na mabonge ya udongo, na maji yote yanageukia kwenye majani ya ng'ombe wa baba yake. Na baba yake saa hiyo hiyo alikuwa kanisani anapitisha kapu la sadaka. Kijana aliniona. Hakushtuka. Aliniuliza homa inaendeleaje, akaendelea kushindilia udongo kwa mguu. Mpaka leo, nikikumbuka alivyoniuliza habari ya homa, nashindwa kukaa kwenye kiti.

Mama Tumaini aliporudi nilimweleza kila kitu. Alikuwa anavua viatu vya kanisani. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikalale, homa huwaonyesha watu vitu. Nikamwambia homa haizibi mfereji. Akavifuta viatu vumbi, akaviweka chini ya kitanda. Usiku wa siku ile sikuelewa ukimya wake, nilidhani ananionea huruma. Nilielewa baadaye sana kwamba nilikuwa nimemwambia jambo alilolijua tangu zamani, na kwamba alikuwa ameamua kuishi nalo.

Ukafika msaragambo, siku ambayo nyumba zote zinatoa watu kuzibua mfereji pamoja. Tulikuwa tumesimama na majembe, matope hadi magotini, na Mzee Anaeli akaanza kutusomea maadili. Alisema maji yamepungua kwa sababu kuna watu wanaiba zamu za wenzao. Alisema wizi wa maji ni dhambi kama wizi mwingine. Watu wakaitikia. Nilimtazama Mama Tumaini, naye alikuwa anatazama jembe lake. Nilijiambia ninyamaze, na nadhani nilinyamaza kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Shikamoo, baba mkubwa," nikasema. "Maji ya Mama Tumaini yanaingia kwako kila Jumapili wakati wa ibada. Nimeona kwa macho yangu, mwanao akiziba."

Mtu mmoja nyuma alicheka, na kicheko hicho, nadhani, ndicho kilichoniponza kuliko maneno yenyewe. Mzee Anaeli hakupandisha sauti. Alisema amezeeka na hajawahi kuitwa mwizi na mtoto wa mtu mbele ya matope. Alisema nyumba inayolea ulimi wa namna hiyo itakaa bila zamu hadi ulimi huo uje umwombe radhi. Hakuna aliyemuuliza kama niliyosema ni kweli. Hakuna hata mmoja, katika watu wote wale waliokuwa wakilalamikia maji kila siku kwenye majiko yao. Waliinama wakaendelea kuchimba. Mwanawe alikuwepo, naye akachimba.

Tukakaa bila maji. Mimi na Tumaini tulibeba ndoo kutoka mtoni mpaka shingo zikakakamaa, tukimwagia kila shina kwa kopo. Lavenda ilianza kugeuka kijivu kutoka chini. Mnanaa ulikufa wote. Majilio yalikuwa yanakaribia, na mashada yalikuwa yameshaagizwa. Jirani mmoja alikuwa akija jioni kukaa na Mama Tumaini jikoni, na mimi nikiwa stoo nilisikia yote kupitia mbao. Jirani alisema, "Mwambie binti aombe radhi, kwani radhi inamtoa nini?" Alisema watoto wa mjini hawajui kukaa na watu. Nilisubiri Mama Tumaini aseme kwamba binti hakusema uongo. Nilisubiri kila jioni. Alichosema ni kwamba chai inapoa.

Aliniomba mwenyewe mara tatu. Mara ya mwisho tulikuwa tunachambua rozmari, nzima huku, iliyokauka kule. Nikamwambia siwezi kuomba radhi, sikusema uongo.

"Sijakuuliza kama ulisema uongo," aliniambia. "Nimekuuliza kama utaomba radhi."

Nikasema hapana. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa bei, na hakuniuliza tena. Nikadhani ameniheshimu. Jinga mimi.

Mjukuu wa Mzee Anaeli alipata kipaimara mwishoni mwa mwezi ule, na nyumbani kwao kukawa na sherehe. Jioni ya kuamkia siku hiyo Mama Tumaini alijifungia stoo akasuka shada peke yake. Asubuhi alinipa likiwa limefunikwa kanga iliyoloweshwa, akaniambia ni zawadi ya mtoto wa kipaimara, nilibebe kwa mikono miwili, nisilifunue njiani majani yasinyauke. Nikifika nimkabidhi Mzee mwenyewe. Nikamuuliza niseme nini. Akasema, "Sema tu, Mzee, pokea. Halafu ule, urudi." Nilifurahi, na hilo ndilo linaloniuma zaidi hadi leo. Nilidhani ameamua kuleta amani kwa njia yake, kwa mikono yake, bila kunitaka mimi niseme uongo. Njiani nilikuwa nikiwaza jinsi alivyo mnyenyekevu.

Mzee Anaeli alikuwa amekaa chini ya turubai pamoja na wazee wenzake wa baraza, suti ya kahawia, ua jekundu kifuani. Mbele yao palikuwa na sinia za pilau na machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, zikiwa bado zinatoa moshi. Nikapiga goti kidogo, nikamwamkia, nikanyoosha shada kwa mikono miwili, nikasema, "Mzee, pokea." Akafunua kanga. Lilikuwa shada zuri kuliko yote aliyowahi kusuka yule mama, rozmari nzito imelala kama manyoya, lavenda chache zilizosalia zote zilikuwa pale. Na kuzunguka duara, limepenyezwa katikati ya vichane, jani la isale, na mbele kabisa fundo lake. Mzee aliliangalia fundo. Kisha akaniangalia mimi usoni, muda mrefu, mpaka wazee wengine wakaacha kutafuna. Halafu akasimama, akaliinua shada juu.

"Binti amekuja," alisema. "Sisi ni nani tusipokee?"

Vigelegele vikapasuka. Mama mmoja akanipa sahani, mwingine akanikumbatia kwa pembeni. Macho yangu yalikuwa kwenye lile fundo. Mimi ni wa mjini, ndiyo, lakini hakuna mtoto wa kwetu asiyejua fundo la isale. Nilisema, "Mimi sikuleta hilo." Nililisema kwa sauti, sikunong'ona. Yule mama aliyenikumbatia akanipapasa mgongoni akasema tulia mwanangu, tulia, yameshaisha. Nikarudia, naye akarudia kunipapasa. Kadiri nilivyosema ndivyo walivyoona ni aibu ya anayetubu, na wakazidi kunihurumia. Sijui kama mwanadamu mwingine amewahi kuhurumiwa vibaya kama nilivyohurumiwa mimi siku ile, na sahani ya pilau mkononi.

Nilishuka nikamkuta Mama Tumaini anafua. Nikamwambia amenifanya mwongo mbele ya watu wote. Aliendelea kukamua nguo, akasema maji yatafunguliwa kesho. Nikamuuliza kama amenisikia. Akasema amenisikia, na kwamba hasira ya msichana hupoa lakini bustani ikikauka haifufuki. Tumaini alikuwa amesimama mlangoni, amesikia kila neno, akaingia ndani. Kesho yake maji yakaja kweli, mengi, yakaingia hadi kwenye mizizi ya nyuma kabisa, na mashada ya Majilio ya mwaka ule yalisifiwa hadi mjini.

Baraza lilikaa baada ya Mwaka Mpya, na jina langu likapelekwa. Nilielezwa yaliyosemwa na mmoja wa wazee, ambaye alinieleza kwa wema, akidhani ananituliza. Mzee Anaeli hakunisema vibaya. Alisema binti ni mwepesi, ana akili, na kwamba yeye binafsi ameshamsamehe ule uongo aliomzushia, kwa kuwa mwenyewe alikuja akakiri kwa jani. Ila kazi ya uuguzi ni kazi ya kuaminiwa na roho za watu. Basi tumtazame kwanza. Wakakubaliana wanitazame kwanza. Hakuna aliyenitazama. Nafasi zikajaa, nikarudi Sokon One, na mwaka uliofuata chuo kikauliza kwa nini usharika haukunisemea mara ya kwanza, na hapakuwa na mtu wa kujibu. Mikono yangu ilikuwa inajua kazi moja tu. Ndiyo hii.

Watu wakija hapa Moshono wakaona bustani yangu na wasichana ninaowafundisha, huniambia Mungu alikuwa na mpango. Mimi nilikuwa na mpango wangu, na ulikuwa mzuri. Nimeshika vidole vya wagonjwa wa familia yangu hospitalini, nimewaona wauguzi wakipita na sinia zao, wengine wamechoka, wengine wakali, na kila mmoja nilimtazama nikijua mahali pangu pamekaliwa. Wengine huniambia nimfikirie yule mama, alikuwa mjane mwenye watoto. Ujane wake nimeufikiria kuliko wote walioulilia. Kama angenishika mkono akaniambia, Aika, najua ulisema kweli, lakini wanangu watakula nini, nibebee jani hili, mimi nadhani ningelibeba. Ningelibeba nikijua ninachobeba. Hakunipa hata nafasi hiyo ya kuwa mtu mwema. Aliniombea radhi kwa mikono yangu mwenyewe, na akanipa goti la kupiga.

Ijumaa nilipanda kwenda msibani na mkasi wangu. Sikwenda kwa ajili ya marehemu, nilikwenda kwa sababu nilisema nitasuka. Stoo ipo vilevile, ila sasa wameweka bati na taa. Nilikata rozmari kwenye mashina niliyoyamwagilia kwa kopo, ambayo sasa yamekuwa mazito kama mkono wa mtu, nikaketi nikasuka. Tumaini akaja akakaa mbele yangu. Alisema yeye ndiye atakayesoma wasifu wa marehemu, na kwamba ndugu zake wametaka itajwe jinsi mama yao alivyomaliza ugomvi wa mfereji. Alisema hivyo akitazama sakafu. Nikamuuliza yeye alikuwa wapi siku ile. Akasema mlangoni. Nikamwambia basi anajua, nikaendelea kupanga vichane. Sikumbembeleza, sikumtisha. Nilikuwa nimechoka kubembeleza watu waseme walichokiona.

Jumamosi watu walijaa hadi kwenye migomba. Mimi nilikaa mstari wa mbele pembeni, karibu na mashada, kwa sababu ndiyo kazi yangu kuyapanga kabla hayajaitwa. Viti viwili kutoka kwangu alikuwa amekaa Mzee Anaeli. Ndiyo, yupo, mwenyewe, amevuka tisini, blanketi magotini, kofia ya sufu, mjukuu wake wa kike amekaa kando akimwambia sikioni kinachosemwa. Tumaini alisoma vizuri. Kuzaliwa, ubatizo, ndoa, watoto, kazi ya mashada. Akafika penye mfereji, akasita. Nilidhani analia. Akakunja karatasi.

"Mama yangu alipatana na wenye mfereji kwa kumdanganya msichana," alisema. "Aika hakuomba radhi. Alibebeshwa. Na alichokisema kuhusu maji kilikuwa kweli, hata sisi tulijua."

Minong'ono ikaanza nyuma. Mwongozaji wa ratiba akaichukua maikrofoni haraka, akaanza kutafuta kwaya kwa macho. Nilitaka kumtazama Tumaini, nimwonyeshe kwamba nimepokea, jani na yote, kwamba mimi na mama yake tumemalizana. Nilikuwa nimeanza kumwinulia mkono. Ndipo nikasikia Mzee Anaeli akiuliza anasema nini huyo. Mjukuu akainama akamwambia sikioni kwamba babu, anasema yule binti wa zamani hakukuomba msamaha, hakujua kwamba amebeba isale.

"Najua," alisema yule mzee. "Nilimwona usoni. Hakujua kitu."

Alisema kama mtu anayeulizwa jina la ng'ombe wake. Tuliosikia tulikuwa watu sita, labda saba. Mjukuu akanitazama, akatazama chini. Kumbe ule muda mrefu chini ya turubai, wazee wakiacha kutafuna, alikuwa anasoma usoni mwangu kwamba sijui, na alipokwisha kusoma akasimama akaniinulia shada. Na akaenda kwenye baraza la wazee akasema nimekiri. Nilikuwa nimemkasirikia mjane miaka yote hiyo, na huyu mzee alikuwa amekaa tu, anakunywa maziwa yake.

Niliinuka. Nikaenda kwa mwongozaji wa ratiba, nikamwomba maikrofoni, na kwa sababu mimi ndiye wa mashada alidhani nataka kutangaza mashada, akanipa. Nikarudi nikasimama mbele ya Mzee Anaeli. Nilimwamkia, maana nililelewa. Akaitikia marahaba, na marahaba yake ikatoka kwenye spika zote.

"Rudia ulichosema sasa hivi, Mzee," nikamwambia, nikamshikia maikrofoni mdomoni.

Kwanza watu wote walisikia anavyopumua. Pumzi ya mzee, nzito, yenye mkwaruzo, ikapita juu ya jeneza na juu ya migomba hadi barabarani. Mwanawe, yule wa gogo la mgomba, naye sasa ni mzee, alinyanyuka nusu kwenye kiti chake akabaki hivyo hivyo. Sikuushusha mkono. Nilikuwa tayari kusimama pale hadi jua lizame.

"Hakujua," alisema mwishowe. "Yule mtoto hakujua. Na maji tulichukua."

Nikamrudishia mwongozaji maikrofoni yake, nikaenda kukaa mahali pangu karibu na mashada. Nilikuwa nimekasirika kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, machozi yananitoka, nahema kwa nguvu mbele ya usharika mzima, na hapakuwa na mtu hata mmoja aliyeniambia nitulie.